Karatasi imelala meza ipi?

Anayetoka Pemba kufuata transkripti, karatasi ya matokeo ya masomo yake, Unguja hapandi boti Mkoani kwa matembezi. Akiambiwa "mwenye kusaini yuko mkutanoni, rudi kesho," nauli imeshaliwa. Yangu mimi, katika chuo nisichokitaja, ilipita meza nne na hakuna aliyejua imelala ipi. Ndiyo maana nawaelewa wanaotaka utawala wa vyuo vyetu upimwe kwa vigezo vya menejimenti.

Tatizo ni vigezo vyenyewe vilikozaliwa. Mwaka 1992 Robert Kaplan na David Norton, wataalamu wa menejimenti wa Marekani, walizitaka kampuni zisitazame fedha peke yake, zipime pia wateja, taratibu za ndani na kujifunza. Sawa, lakini mteja wa chuo ni nani? Mwanafunzi? Mzazi? Bodi ya mikopo? Au mgonjwa atakayechomwa sindano na muuguzi tuliyemfaulisha? Dukani mteja huridhishwa. Kwenye mtihani kuna wa kurudishwa nyumbani kanuna, na chuo kikawa kimefanya kazi yake. Ukiwapa wanafunzi dodoso la kuridhika ukaliita kipimo cha ubora, mwalimu mkali ndiye wa kwanza kuumia.

Kipimo cha pili, cha McKinsey, kampuni ya ushauri wa menejimenti, kina nguzo saba: mkakati, muundo, mifumo, watumishi, ujuzi, mtindo wa uongozi na maadili ya pamoja. Hiki nakipenda zaidi, hasa nikiitazama SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1999 na baadaye ikaunganishwa na chuo cha fedha cha Chwaka, cha utalii cha Maruhubi na cha afya cha Mbweni. Muundo huunganishwa kwa waraka. Desturi za ofisi haziunganishwi hivyo, na nguzo saba zinakulazimisha kuuliza habari zake.

Hofu yangu ni fomu. Tathmini ikishageuka fomu, kila idara hujipa alama nzuri, ripoti ikapigwa muhuri na kuingia kabatini (tumeyaona haya hata kwenye mipango mkakati), na foleni ya dirishani ikabaki pale pale.

Ningeanza na daftari. Kila ombi la transkripti liandikwe siku liliyoingia, siku liliyotoka, na meza liliyokaa muda mrefu zaidi. Baada ya miezi sita wakuu wa idara wakae nalo mezani, ndipo tubishane kuhusu Kaplan.