Sura ya 364 si kaburi la Berserk

Tangu nihamie Japani nimewasikiliza mashabiki wa pande mbili wakizungumzia sura ya mwisho ya Berserk, hadithi ya michoro ya Kijapani (manga), na hawajawahi kuonana. Wa upande mmoja ni Wajapani ninaofanya nao kazi kwenye yadi ya magari hapa Chiba, mkoa aliozaliwa mchoraji wake, Kentaro Miura mwenyewe. Wa upande wa pili ni wenzangu wa Tanga na Dar, tunaokutana kwenye kundi la WhatsApp kila sura mpya inapotoka. Wote wanampenda Miura. Wote wanajua kwamba hadithi aliyoanza kuichapisha jaridani mwaka 1989 alituachia njiani. Ila ukiwauliza sura ya mwisho ni ipi, majibu hayakaribiani hata kidogo.

Mimi nina upande wangu na sitauficha. Hadithi iendelee, na katika jambo hili watu wa nyumbani wameona mbali kuliko mashabiki wengi wa huku.

Miura alifariki tarehe 6 Mei 2021 akiwa na miaka 54, kwa kuchanika ghafla kwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Habari ilitangazwa tarehe 20 Mei, na tangazo lenyewe likasema familia ilishamaliza mazishi. Wiki mbili nzima wasomaji wake walikuwa wanasubiri sura mpya ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Kwetu mtu akifa alfajiri, saa nne asubuhi turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimeshashushwa, kina mama wako jikoni, na anayepita njia tu anaingia kutoa pole. Huku msiba ni wa ndani. Siku ile mwenzangu mmoja wa kazini, mtu mzima ambaye Berserk ameisoma tangu ujana wake, alisoma tangazo kwenye simu wakati wa chakula cha mchana. Akafunika chakula chake bila kukimaliza, akachukua tochi, akarudi kukagua uvungu wa gari alilokuwa ameliacha. Mpaka jioni hakulitaja. Usiku huohuo kundi letu halikulala. Watu walirusha picha za Guts, shujaa wa hadithi, na upanga wake, wakarekodi sauti ndefu, wengine wakahadithia upya tukio la Eclipse, pale Griffith, kiongozi wa kina Guts, alipowatoa wenzake kafara, kana kwamba wenzao hawajalisoma. Jamaa mmoja wa Ngamiani alisema kwa sauti iliyokauka: "Mwanangu, mzee ametuacha njia panda."

Sitaki mtu adhani ukimya wa Wajapani ni ubaridi. Nimeishi nao vya kutosha kujua kwamba sivyo. Lakini namna watu wanavyoomboleza ndiyo inayoamua watakavyoichukulia kazi ya marehemu, na hapo ndipo tofauti inapoanzia.

Sura ya 364 ilitoka tarehe 10 Septemba 2021 katika jarida la Young Animal, pamoja na kijitabu cha salamu za kumkumbuka Miura. Ndiyo ya mwisho aliyoishughulikia mwenyewe, na wasaidizi wake wa Studio Gaga ndio walioikamilisha. Yule mtoto wa usiku wa mbalamwezi, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tunabishana ni nani, anakuja kukaa na Guts na mpenzi wake Casca kisiwani Elfhelm. Usiku unapokwisha anageuka, na mbele ya Guts anasimama Griffith, machozi yakimtoka. Basi. Mtu aliyewatoa kafara wenzao, aliyembaka Casca, analia, na mkono uliomchora umesimama hapo.

Ukiitazama peke yake unaweza kusema huo ni mwisho. Mashabiki wengi, wa Japani na wa Ulaya pia, wamesema hivyohivyo: machozi yale yatosha, tufunge kitabu. Mwenzangu wa yadi ni mmoja wao. Anazo juzuu zote mpaka ya 41, ile iliyotoka Desemba 2021 ikiwa na sura hiyo ya 364, na hapo amekoma. Siku moja alinifungulia ukurasa, akaweka kidole chini ya kivuli cha joho la Guts, vistari vyembamba vimepishana kama ukili uliosukwa, akaniambia kwamba hivi ndivyo alivyokuwa anavisoma yeye. Kwake maneno ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ni mkono wa Miura, na mkono haurithiwi.

Hoja yake naiheshimu. Mwezi huohuo wa Septemba yalifunguliwa maonyesho makubwa ya michoro asilia ya Berserk pale Sunshine City, Ikebukuro, nami nikapanda treni kwenda kuyaona. Watu walisimama mbele ya kila mchoro, wanainama, wanasogea, hakuna anayemwambia mwenzake chochote. Ukiwa karibu vile na wino unaelewa kwa nini mtu aseme hapana, asiguse mwingine. Mchoro mmoja wa vita unaweza kukushika mahali pamoja mpaka walinzi wakuombe usogee. Hilo nyumbani hatunalo. Wengi wetu Miura tumemsoma kwenye kioo cha simu, ukurasa umekuzwa kwa vidole viwili, bando likikata katikati ya vita.

Lakini Juni 2022 Berserk ilirudi, na aliyeirudisha alieleza kwa nini. Kouji Mori ni mchoraji wa manga pia, rafiki wa Miura tangu sekondari. Alisimulia kwamba karibu miaka 30 nyuma Miura alimwita wazungumze kuhusu hadithi, wakati akiliendea tukio la Eclipse, na katika mazungumzo hayo akamsimulia yote mpaka mwisho. Akasema Miura hakwenda kinyume na mpango ule. Kisha akajifunga mbele ya wasomaji: ataandika yale tu aliyoambiwa na anayoyakumbuka vizuri, hatajaza mapengo kwa ya kwake. Uchoraji ukabaki kwa Studio Gaga, na jina la Miura likaendelea kutajwa kuwa ndiye mwenye hadithi.

Hapo ndipo kundi letu lilipokata shauri mapema kuliko wenzangu wa kazini. Hakuna aliyeuliza kama Mori ana haki. Waliuliza ni mtu wa namna gani. Kwetu, baada ya mazishi, mtu wa karibu husimama akasema marehemu aliniambia hivi na hivi, na wanaomsikiliza humpima. Alikuwa karibu naye kiasi gani? Ana faida gani katika maneno hayo? Ni mtu wa kuongeza chumvi? Mori alipimwa kwa mizani hiyohiyo, akapita, hasa kwa sababu alitangaza mapema kwamba haitakuwa kamili. Mtu anayetaka kula jasho la marehemu haanzi kwa kuorodhesha asichokijua. Aliyekabidhiwa wosia akaukalia kimya, kwetu ndiye anayelaumiwa.

Na si mara ya kwanza kwetu kuona wahusika wakibaki baada ya mchoraji. Waliokulia na jarida la Sani wanawajua Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa kuwahi kutokea Tanzania, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wale wakaendelea kuchorwa na mikono mingine. Wazazi wetu waliona tofauti ya mistari, bila shaka, na bado wakanunua toleo lililofuata, kwa kuwa walitaka kujua Lodi Lofa amezua nini safari hii. Mimi nimesoma Sani za zamani nyumbani kwa mjomba bila kujua nani alichora lipi.

Japani yenyewe inalijua jambo hili, ingawa wenzangu huku hulisahau wanapofika kwenye Berserk. Yoshito Usui alifariki mwaka 2009, na mwaka uliofuata wasaidizi wake wakaiendeleza manga yake ya Crayon Shin-chan kwa jina jipya kidogo. Yoshihiro Togashi, ambaye Hunter x Hunter yake ilianza mwaka 1998 na imesimama mara nyingi kwa sababu ya afya, mwaka 2023 alikubali mwisho mmoja aliokwisha kuukataa usomwe kwenye televisheni, ili akifa kabla ya kumaliza, wasomaji wawe na cha kushika. Huyo ni mchoraji aliye hai anayeandika wosia mbele ya watu. Siamini alifanya hivyo kwa sababu anaidharau michoro yake.

Yaliyofuata baada ya 364 hayajawa rahisi. Casca alichukuliwa, Guts akapoteza nguvu za kusimama, kisiwa kikaangamia. Kuna kurasa ambazo zinapita haraka, na matukio ambayo Miura angeyapa sura nzima yanamalizwa kwa fremu chache. Nayaona hayo na yananiuma. Ila ni upungufu wa mtu aliyeahidi kutosema asichoambiwa, na upungufu wa namna hiyo naupokea kuliko ufundi wa mtu anayebuni.

Kuna jambo moja ambalo nyumbani tujifunze kwa Wajapani, tena bila kuchelewa. Huku mtu analipa. Anaingia dukani, anachukua juzuu yake, muuzaji anaivisha jalada la karatasi lisilo na picha, na kwenye treni hujui jirani yako anasoma nini, lakini mchoraji amepata chake. Sisi tunabishana usiku kucha kuhusu haki za Miura tukiwa tumesoma kurasa zilizopigwa picha na kutafsiriwa na watu wasiojulikana, kabla hata jarida halijafika kwenye rafu za hapa. Najua sababu. Kitabu kusafirishwa mpaka Tanga ni gharama ambayo kijana wa bodaboda haiwezi, na Berserk ya Kiswahili sijawahi kuiona. Hata hivyo anayeweza kununua hata juzuu moja ya kidijitali anunue. Studio Gaga ni watu wenye kodi za nyumba, na waliendelea kushika kalamu wakati bosi wao amelala kaburini.

Juzuu ya 42, ya kwanza iliyochorwa bila Miura, ilitoka Septemba 2023. Niliinunua siku hizohizo na kumpelekea mwenzangu wa yadi aitazame. Aliipindua, akasoma majina yaliyoandikwa pale, akanirudishia kwa adabu. Sikumshawishi, na sidhani kama ni kazi yangu kumshawishi. Amemzika Miura kwa namna yake.

Ninachokiomba ni kwa wachapishaji, Hakusensha. Siku mwisho utakapofika, wachapishe kandokando yake kila neno ambalo Mori analikumbuka kutoka mazungumzo yale ya miaka 30 nyuma, bila kupambwa, pamoja na asiyoyakumbuka. Msomaji wa Chiba anayeutaka mkono wa Miura peke yake ataona wapi uliishia, na kundi letu la Tanga na Dar litakuwa na maneno yake halisi ya kubishania.