Je, Emma wa Normandy aliwatupa wanawe?

Novemba 1043, miezi saba tu baada ya kutawazwa, Mfalme Edward wa Uingereza alitoka Gloucester kwa farasi kwenda Winchester kumfilisi mama yake mzazi. Alifuatana na mabwana watatu wenye nguvu kuliko wote nchini: Leofric, Godwine na Siward. Walimvamia bibi hana habari, wakachukua dhahabu, fedha na ardhi zake. Watawa wa Kiingereza waliokuwa wakiandika matukio ya kila mwaka waliitaja sababu kwa ufupi: alikuwa mgumu mno kwa mwanawe, akamtendea machache kuliko alivyotaka, kabla hajawa mfalme na hata baadaye.

Mama huyo ni Emma wa Normandy, eneo la kaskazini mwa Ufaransa ya leo. Aliolewa na wafalme wawili na akazaa wafalme wawili, na kwa karibu miaka elfu moja sasa amekuwa akisomewa shtaka moja: kwamba aliwatupa watoto wa ndoa ya kwanza ili watoto wa ndoa ya pili wale nchi. Nimelifikiria shtaka hili kwa muda mrefu. Sehemu yake moja haina miguu. Nyingine inayo, na kinachonishangaza ni kwamba aliyeipa miguu hiyo ni Emma mwenyewe.

Tuanze na ndoa ya kwanza, ambayo kiini chake kilikuwa bandari. Waviking, mabaharia wanyang'anyi kutoka Skandinavia, walioipora Uingereza walikuwa wakijificha kwenye bandari za Normandy na kuuza ngawira zao huko, kwa kuwa watawala wa Normandy wenyewe walikuwa wa asili ya Kiviking. Mfalme Æthelred wa Uingereza alitaka mlango huo ufungwe. Mwaka 1002 akamwoa Emma, dada wa mtawala Richard wa Pili. Binti akavushwa bahari, akafika akapewa jina jipya la Kiingereza, Ælfgifu, maana lile la kwao halikuwafaa wenyeji. Alimkuta mume mtu mzima mwenye wana wakubwa, naye akamzalia watatu: Edward, Alfred na Godgifu.

Bandari hazikusaidia kitu. Mwaka 1013 Wadenmark waliiteka nchi, Emma akakimbilia kwa kaka yake na watoto wakapelekwa huko huko. Æthelred alirudi kitini mwaka uliofuata, akafa Aprili 1016. Mwanawe mkubwa, Edmund, akafa Novemba mwaka huo huo. Nchi ikabaki mikononi mwa kijana wa Kidenmark, Cnut, na Julai 1017 Cnut akamwoa mjane wa adui yake.

Hapa ndipo waendesha mashtaka huanzia. Wanasema mama gani huyu, anaingia kitandani kwa mtu aliyewapokonya wanawe urithi, huku wanawe wakibaki ng'ambo? Edward alikuwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Hakurudi kuishi Uingereza mpaka 1041, ametimiza robo karne ya kula chakula cha wajomba.

Lakini tazama yaliyowapata waliobaki karibu na Cnut. Eadwig, mtoto mwingine wa Æthelred, aliuawa. Watoto wachanga wa Edmund waliondolewa nchini, na mwisho wao walilelewa Hungary. Kama Emma angewang'ang'ania Edward na Alfred wakae naye Winchester, nadhani tungekuwa tunasimulia vifo viwili vya watoto. Kwa mjomba walikuwa na mahali pa kulala na mtu wa kuwatetea. Wengi wetu tumelelewa kwa wajomba kwa sababu nyepesi zaidi ya hizo.

Je, alikuwa na hiari ya kukataa ndoa? Watawa wale wa Kiingereza wanaandika kwamba Cnut aliagiza mjane wa mfalme aletwe awe mke wake. Aletwe, kama mzigo. Kitabu ambacho Emma alikuja kukiagiza baadaye kinasema kinyume: kwamba alibembelezwa, akapelekewa zawadi, na akatoa sharti kabla ya kukubali. Sharti lilikuwa kwamba Cnut aape hatamrithisha ufalme mtoto wa mwanamke mwingine yeyote akijaliwa mwana na Emma.

Mwanamke mwingine alikuwapo kweli. Cnut alikuwa na mke wa Kiingereza kutoka Northampton, mwenye wana wawili, Svein na Harold, na hakumwacha. Mwaka 1030 alimtuma pamoja na Svein kwenda kutawala Norwe kwa niaba yake, na kazi kama hiyo hapewi hawara. Jina lake? Ælfgifu. Mke mwenza akawa wajina. Wanahistoria wa Ulaya huhangaika wamwite nani mama huyu, suria au mke wa kimila au vipi. Kwa Kiswahili mambo ni mepesi: Emma alitaka dunia iamini kwamba mwenzake ni nyumba ndogo, na mwenzake hakukubali hata siku moja.

Basi kiapo kile kililenga nyumba ya Northampton. Ila kwa pigo hilo hilo kiliwaweka kando Edward na Alfred, maana mwana atakayezaliwa na Cnut ndiye angepewa nchi. Akazaliwa Harthacnut. Hapa utetezi unaanza kuyumba. Mtu anaweza kusema hakuwa na namna mwaka 1017. Lakini kwa miaka kumi na minane iliyofuata alikuwa malkia mwenye nguvu na mali. Picha ya mwaka 1031 katika kitabu cha watawa wa Winchester inamwonyesha akisimama na Cnut, kila mmoja upande wake wa altare, wakitoa msalaba mkubwa wa dhahabu. Emma yuko upande wa kulia wa Kristo, palipo na heshima zaidi. Miaka michache baadaye Robert, mtoto wa kaka yake, alikusanya merikebu huko Normandy ili amrudishe Edward kitini. Upepo ukazitawanya. Yaani shangazi alikuwa ikulu na mume wake, na mpwa alikuwa baharini akimpigania mtoto wa shangazi huyo huyo. Familia ya namna hii haihitaji adui wa nje.

Cnut alifariki Novemba 1035. Harthacnut alikuwa Denmark, amebanwa na vita dhidi ya Norwe, hawezi kuja. Emma akakaa Winchester juu ya hazina ya mfalme, akijua mkono mtupu haulambwi. Harold wa nyumba ya Northampton akatuma watu, wakachukua sehemu nono ya hazina ile. Ndipo inapotokea barua.

Barua ilifika Normandy mwaka 1036. Mwandishi wake anajiita Emma, malkia kwa jina tu, anawasalimu wanawe Edward na Alfred, anawaambia kwamba kila siku inayopita urithi wao unazidi kuwaponyoka, na anaomba mmoja wao aje kwa siri washauriane. Alfred akaja. Godwine, bwana wa Wessex, akampokea kwa bashasha, akawagawa watu wake katika nyumba mbalimbali za mji wa Guildford kwa makundi madogo, wakala, wakanywa, wakalala. Usiku wakakamatwa. Wengi waliuawa. Alfred alipelekwa Ely, akatobolewa macho, akafa huko mikononi mwa watawa. Edward, kwa masimulizi ya Wanormani, alifika na merikebu zake pwani ya kusini, akaona hali, akageuza.

Nani aliandika barua ile? Kitabu cha Emma kinajibu bila kusita: ni Harold, aliighushi kuwanasa vijana. Kitabu hicho kiliandikwa kati ya 1041 na 1042 na mtawa wa Flanders, kwa amri yake na kwa sifa zake. Ni kazi ya mtu aliyelipwa, na mtawa alijua kazi yake. Anadai Harold si hata mwana wa Cnut, bali ni mtoto wa mtumishi aliyeingizwa kwa siri chumbani mwa yule wa Northampton. Æthelred hatajwi kabisa. Soma kitabu kizima, hutajua kwamba Emma aliwahi kuwa na mume mwingine. Edward na Alfred wanaachwa waonekane kama watoto wa Cnut waliopelekwa Normandy kulelewa.

Sasa nipime. Ikiwa barua ni ya Harold, Emma hana damu ya Alfred mikononi, ila pia tunabaki bila ushahidi wowote kwamba katika miaka ile yote alinyoosha mkono kuwaita wanawe. Ikiwa ni yake, basi aliwaita, aliwakumbusha urithi wao, alijaribu, akashindwa vibaya. Mimi naegemea kwamba ni yake. Mwenye haja na mtu wa kumkabili Harold alikuwa yeye, na Harthacnut alikuwa mbali. Wapinzani watasema kwamba huko ni kuwaita wana pale tu walipomfaa, na siwezi kuwabishia sana. Lakini kwa kuikana barua hiyo ili akwepe lawama ya kifo cha Alfred, Emma alichoma hati pekee ambayo ingemtetea mbele ya Edward.

Na Edward aliyajua yote. Harold alipouchukua ufalme na kumfukuza Emma mwaka 1037, Emma akakimbilia Bruges, mji wa Flanders ng'ambo ya bahari, akamwita Edward amsaidie. Akaja, akamsikiliza, akamwambia mabwana wa Uingereza hawajamwapia yeye kiapo chochote, amtafute Harthacnut. Sentensi hiyo ya adabu naisoma kama ya mtoto aliyekwisha kuhesabu. Harthacnut ndiye aliyepata ufalme mwaka 1040 Harold alipofariki, na ndiye aliyemkaribisha kaka yake mwaka 1041. Ukurasa wa mbele wa kitabu cha Emma una picha: yeye ameketi kwenye kiti cha enzi, mtawa amepiga magoti akimpa kitabu, na pembeni wanawe wawili wanachungulia. Wamechorwa kama watu waliokuja kusalimia. Juni 1042 Harthacnut alianguka akinywa katika karamu ya harusi, akafa, na mmoja wa wale wachunguliaji akawa mfalme.

Haraka haraka kitabu kikapewa mwisho mpya, unaomsifu Edward. Nakala yenye mwisho huo ilijitokeza Uingereza mwaka 2008. Inanigusa kuliko sifa zote za mwanzo: mama aliyezoea kuandika hadithi upya anajaribu mara moja zaidi, na safari hii msomaji anayemlenga hanunuliki. Edward alimwachia aishi Winchester, ila bila sauti aliyokuwa nayo.

Alifariki Machi 1052. Æthelred alikuwa amezikwa London, Alfred yuko Ely, na Edward mwenyewe alikuwa akijijengea kanisa Westminster, ambako angekuja kulazwa. Emma alizikwa Winchester, pamoja na Cnut na Harthacnut.