Jino mling'oe ninyi, skrubu mniuzie ninyi

Juzi nimekwama kwenye foleni ya Ubungo, nikainua macho, nikakutana na bango: mdada kacheka mpaka magego yanahesabika, chini wameandika watakurudishia tabasamu lako. Nikacheka na mimi, mdomo nimeufumba. Mazoea.

Jino langu, lile linalofuata chonge upande wa kulia, liling'olewa nikiwa mwaka wa pili chuo. Lilikuwa limetoboka, basi. Niliingia naumwa, robo saa baadaye nikatoka na pamba mdomoni. Habari ya kusafisha mzizi na kuziba haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Pengine hela ningekosa, sawa, lakini kuulizwa ni bure! Na nani aliniambia kwamba taya likikosa mzizi, mfupa wake unaanza kunywea? Au kwamba jino la jirani litainamia pengo kama abiria wa daladala aliyeona siti imeachwa wazi? Hayo nimeyajua miaka tisa baadaye, nilipokwenda kuulizia kipandikizi, yaani jino la bandia la kupachikwa kwenye mfupa. Daktari akanionyesha eksirei: mfupa umepungua, uongezewe kwanza. Ndipo iingie skrubu ya metali iitwayo titani, nisubiri miezi kadhaa ishikane na mfupa, halafu ndiyo jino lenyewe lifungwe juu yake. Bei? Mshahara wangu wa miezi minne, bila kula.

Yaani pengo nimetengenezewa kwa robo saa, kuliziba ni mwaka mzima na mkopo.

Kitu chenyewe kinafanya kazi, siwezi kukataa. Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza mifupa ya sungura, akakuta kifaa cha titani alichokipachika humo kimeng'ang'ania mfupa hakitoki. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965, akafariki 2006 skrubu zikiwa bado mahali pake. Miaka 41. Ndoa ngapi zinafika huko? Wavuta sigara na wenye kisukari kilichowashinda waulize vizuri kabla ya kulipa kama kwao itashika, maana bango halitawaambia.

Ila msinijie na tabasamu wakati koleo ndiyo bado tiba ya kwanza. Okoeni jino likiwa bado lipo. Mkishindwa, basi mwambieni mtu, kabla ya ganzi, pengo litamgharimu nini.

Shangazi yangu wa Muheza wamemng'oa hivyo hivyo, kila lililouma likatoka, mpaka akabaki kibogoyo. Sasa ana meno ya kuvaa, nyumbani tunayaita meno ya wageni. Nilimweleza habari za skrubu na bei yake. Akanyamaza kidogo.

"Kwa meno yote?"

"La, Shangazi. Kwa moja."

Akayatoa mdomoni, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji, akavuta sahani yake ya makande.

"Haya, tule."