Plazma kwa mtoto njiti: tutibu mtoto, si namba ya maabara

Mtoto njiti wa kilo 1.2 ana damu ya mililita mia moja hivi, haijazi hata kikombe cha chai. Dozi ya plazma, yaani majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, ya mililita 15 kwa kilo ni mililita 18. Kwake hiyo ni karibu moja ya sita ya damu yote, nayo inaingia kwenye moyo na mapafu machanga.

Kwa hiyo yananisumbua mazoea ya kuagiza plazma kwa sababu tu kipimo kinaonyesha damu inachelewa kuganda. Damu ya kichanga huchelewa kuliko ya mtu mzima hata akiwa na afya njema: protini za kugandisha bado ni chache. Ila zinazozuia kuganda nazo ni chache, hivyo mizani hukaa sawa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1996 ulihusisha watoto 776 waliozaliwa kabla ya wiki 32. Waliopewa plazma mapema kama kinga hawakuwazidi wenzao, si kwa kunusurika, si kwa kuepuka ulemavu walipofika miaka miwili.

Wanaotaka kuwahi wana hoja, na huku kusini ina uzito. Benki ya damu ya kanda iko Mtwara mjini. Plazma huhifadhiwa imegandishwa, lazima iyeyushwe kwanza, na kutoka Liwale masika barabara ni mtihani. Daktari wa zamu ya usiku asiye na kipimo chochote cha kuganda kwa damu anaogopa kungoja. Simlaumu hata kidogo.

Lakini umbali ni sababu ya kumsafirisha mtoto mapema, si ya kumtundikia plazma asiyevuja damu. Anayetokwa damu kweli, kwa mfano maambukizi makali yamemaliza protini zake za kugandisha, apewe bila kusita. Aliyeshuka presha tu, maji ya chumvi yanatosha kuanzia.

Na kuna damu ambayo haikupaswa kumwagika kabisa: ya mtoto aliyekosa vitamini K. Miligramu 1 kwenye paja baada ya kuzaliwa, nusu yake kwa njiti mdogo, nayo haihitaji friza wala gari la wagonjwa. Ningetamani kila barua ya rufaa inayotoka zahanati za Nachingwea hadi Tandahimba iwe na mstari mmoja: amechomwa vitamini K, saa ngapi.