Nani atamzika asiyekufa?

Ilikuwa usiku wa pili wa msiba wa shemeji yangu, mwezi wa saba, pale Nkuhungu. Anayedhani Dodoma ni joto mwaka mzima hajakesha nje chini ya turubai mwezi huo, upepo ukipita chini ya mabenchi na kuingia kwenye suruali. Wanaume tulikuwa tumeuzunguka moto. Mpwa wa marehemu akatoa simu akatuonyesha video ya Bryan Johnson, tajiri wa Marekani ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hutumia takriban dola milioni 2 kwa mwaka ili asizeeke. Saa mbili na nusu usiku ameshalala. Chakula chake hupimwa, damu yake hupimwa, na anasema waziwazi kwamba hataki kufa.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema huyo anakufuru. Mwingine akasema na yeye angekuwa na hela hiyo angefanya vilevile. Ikamfikia mzee mmoja wa miaka sabini na kitu aliyejifunika mgolole hadi masikioni. Akaitazama kidogo, akairudisha, akauliza: "Sasa huyo asiyekufa, atazikwa na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Wengine walidhani mzee amechanganya maneno, maana asiyekufa hazikwi. Mimi nadhani alijua alichouliza, na nimekaa na swali lake tangu siku ile.

Nianze na upande unaodharauliwa kwenye mabenchi ya msiba, upande wa anayetaka kuishi bila mwisho. Shemeji alikuwa na miaka 39. Aliondoka kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kwetu, akaacha watoto watatu. Tulisimama mbele ya jeneza tukasema kazi ya Mungu haina makosa. Nilisema na mimi, na ninaamini. Lakini maneno hayo huja upesi mno midomoni mwetu, na mara nyingi yamefunika vifo ambavyo havikuwa na haja ya kutokea.

Bibi yetu wa Mvumi alisimuliwa na mama yake habari za Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Na hata tulipopata Uhuru mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi wa Mtanganyika ulikuwa chini ya miaka 45. Leo umepita 60. Miaka hiyo ililetwa na chanjo ya surua, chandarua, maji safi na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na nyuma ya kila kimojawapo yupo mtu aliyekataa kusema kwamba kifo fulani ni cha kawaida. Mama anayembeba mtoto mgongoni kutoka kijijini kwenda zahanati anakataa jambo lilelile analolikataa tajiri wa kwenye video. Sijui ni siku gani ya kuzaliwa ambayo ukishaivuka kukataa huko kunageuka kufuru.

Kuna hoja maarufu dhidi ya uhai wa milele ambayo siikubali, nayo ni hoja ya kuchoka. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliitetea mwaka 1973: mtu akiishi bila mwisho, yale yanayompa sababu ya kuamka asubuhi yatakwisha, na kinachobaki ni kuchoshwa tu. Inawezekana kwa baadhi ya watu. Lakini Dodoma yetu ina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na sijawahi kumwona mkulima wa Bahi akitazama mawingu ya Desemba kama mtu aliyekwisha kuyaona. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeufikisha mlio wa zeze na ilimba mbali sana duniani, alifariki mwaka 2003, na waliomsikia akipiga hawakuona dalili ya mtu aliyefika mwisho wa alichokuwa nacho. Wengi wetu tunaondoka kazi ikiwa nusu, wala hatujashiba.

Ugumu wenyewe nauona unaanzia mwilini. Mwaka huohuo wa Uhuru, 1961, Leonard Hayflick na mwenzake walionyesha maabara kwamba seli za kawaida za binadamu hujigawa takriban mara 40 hadi 60, kisha zinasimama. Baadaye ikaeleweka kwamba ncha za kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba), zinazoitwa telomea, hufupika kila seli inapojigawa, kama mshumaa unavyopungua. Utafiti wa telomea ulizawadiwa Nobeli mwaka 2009. Anayetaka mwili usiochakaa inabidi atafute namna ya kuuzuia mshumaa huo usiishe.

Namna hiyo ipo, na inaitwa saratani. Seli za saratani ni zile zilizosahau kusimama. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, madaktari walichukua kipande cha uvimbe wa mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, aliyekuwa na saratani ileile iliyomwondoa shemeji yangu. Hakuombwa ruhusa, na familia yake ilikaa miaka mingi bila kujua. Alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zake hazikufa. Zinaendelea kujigawa hadi leo katika maabara duniani kote. Zilitumika kuipima chanjo ya polio, na zimetumika katika tafiti zisizohesabika. Nikiulizwa ni nani amewahi kuishi bila kikomo, sina jibu lingine: ni uvimbe wa mama huyo, na mwenyewe uliwanyima watoto wake mama. Sisemi hivyo kuwavunja moyo watafiti. Tangu Shinya Yamanaka wa Japani aonyeshe mwaka 2006 kwamba seli iliyokomaa inaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga, wapo wanaotafuta jinsi ya kuirudisha kidogo tu, isije ikavuka mpaka na kuwa uvimbe. Mpaka huo ni mwembamba sana.

Na miaka pekee haitoshi. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya Tithonus, aliyeombewa uhai wa milele na mpenzi wake ila akasahauliwa kuombewa ujana, akazidi kusinyaa bila kufa. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa kumbukumbu zilizothibitishwa, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na miaka yake ya mwisho aliishi karibu kipofu. Lakini kilichonifundisha mimi hakikutoka Ufaransa.

Bibi yetu wa Mvumi ana miaka tisini au zaidi kidogo. Cheti hana, anahesabu kwa njaa na kwa wajukuu. Mwaka jana nilikaa naye kwenye kizingiti, yeye akipepeta uwele kwenye ungo. Mikono yake bado inaujua ungo: anarusha, anapuliza, makapi yanaruka, punje zinarudi katikati. Nikamwambia kwa utani kwamba atatuzika sote. Akauweka ungo chini. "Mjukuu wangu," akasema, "hapa kijijini hakuna tena mtu wa kuniita jina langu. Nyinyi nyote mnaniita bibi."

Shoga yake wa mwisho, waliyechunga pamoja ndama utotoni, alikuwa amefariki kabla ya mavuno. Yeye ndiye alikuwa akimwita jina lile kutoka upande wa pili wa korongo. Nilitaka kumwita mimi. Sikuthubutu. Kwetu mjukuu hamwiti bibi yake jina, na hata ningethubutu, jina lingetoka kinywani mwa mtu ambaye hakumjua akiwa msichana.

Hapo mtetezi wa uhai wa milele ana jibu, na ni jibu la haki. Atasema upweke wa bibi haukuletwa na kuishi kwake, umeletwa na kufa kwa wenzake. Mpe na shoga yake dawa ileile, naye ataitwa jina lake kila asubuhi. Ni kweli. Basi tuwape wote, kijiji kizima, na wilaya nzima. Tukifanya hivyo upweke unakwisha, ila linakuja suala lingine kabisa, suala la nafasi.

Babu alikuwa na ekari 12 Chamwino. Akawagawia wanawe wanne, tatu kila mmoja. Baba akatugawia sisi watatu, moja kila mmoja. Babu angekuwa hai leo na nguvu za miaka thelathini, ekari 12 zingekuwa zake, na baba angekuwa bado kijana wa nyumbani anayeomba kipande cha kulima karanga, na mimi nikiwa nyuma yake, na mwanangu nyuma yangu. Sensa ya 1967 ilituhesabu milioni 12.3. Ile ya 2022 ikatuhesabu milioni 61.7, na hiyo ni pamoja na kufa kote tulikokufa. Ofisini mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akifika miaka 60, na vijana wanaozunguka na vyeti mji wa serikali bado wanalalamika kwamba nafasi hazitoki. Madarakani mambo ni mazito zaidi. Mwalimu Nyerere aling'atuka mwenyewe mwaka 1985, na Katiba yetu inaweka vipindi viwili vya miaka mitano. Lakini wamekuwepo duniani watawala ambao hakuna katiba iliyowaweza, wala kura, wala maandamano, na watu wao walivuta pumzi siku walipofariki. Kuwapa hao uhai usio na mwisho ni kuwafungia watu mlango na kutupa ufunguo.

Mwingine atasema basi tusizae. Nimewahi kulifikiria hilo nikiwa shambani kwa rafiki yangu Hombolo, wakati wa kupogoa mizabibu. Zabibu nyekundu ile tunayoiita Makutupora haipandwi kwa mbegu. Unakata kijiti kutoka kwenye shina, unakichomeka ardhini, kinaota, na kwa maana fulani ni mzabibu uleule unaoendelea, unapogolewa na kuchipua upya, mavuno mawili kwa mwaka. Ukiutazama utasema huu ndio uhai wa milele, na unawezekana. Lakini shina moja likiwa na udhaifu kwa ugonjwa fulani, mashina yote shamba zima yana udhaifu uleule. Aina mpya ya zabibu haitoki kwenye kijiti. Hutoka kwenye mbegu, pale mizabibu miwili inapochanganyika ukazaliwa wa tatu ambao haukuwahi kuwepo. Dunia ya watu walewale, hata wakiwa wema na wenye afya, ni shamba la vijiti.

Na kabla ya kufika huko kuna suala la nani aanze. Mwaka 1967, wiki chache kabla ya Azimio la Arusha, Mmarekani James Bedford alifariki, mwili wake ukagandishwa kwa matumaini kwamba siku moja sayansi itamwamsha. Hadi leo yumo kwenye baridi, hajazikwa. Kampuni moja ya huko huwatoza wanaotaka kuhifadhiwa hivyo takriban dola 200,000. Huku kwetu mgonjwa wa figo anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na zipo familia zilizouza ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na kinyesi kikavu. Hapahapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kati ya anayenunua mwaka wa mia mbili na anayeomba mwaka wa arobaini, moyo wangu hauna mashaka uko upande gani. Pengo hilo lipo tayari. Dawa ya kutokufa ingelifanya lisizibike tena.

Waumini watasema uhai wa milele umeshaahidiwa, na si wa hapa. Nakubaliana nao, ila ahadi hiyo haituondolei kazi ya hapa.

Nikarudi kwenye swali la mzee. Ujirani wetu umejengwa juu ya kuzikana. Ndiyo maana usiku ule, mwezi wa saba, tulikuwa nje: marehemu alipika kwenye misiba yetu, sasa sisi tukakesha kwenye wake. Mwenye duka alituletea kuni bila kuulizwa, kwa sababu mama yake tulimzika sisi. Kila mmoja anadai na anadaiwa, na deni lenyewe halilipiki mpaka siku yako ifike. Asiyekufa ametoka kwenye hesabu hiyo. Anaweza kuja msibani, akachangia, akabeba jeneza, lakini hakuna atakachowahi kuhitaji kutoka kwetu. Nadhani mzee alimhurumia.

Mimi, kama ningepewa kuchagua, ningeomba miaka mingi yenye afya kwa watu wengi, na mlango ubaki wazi mwisho wake. Na ningeanza na wale wanaokufa na miaka 39.

Arobaini ya shemeji ilipopita, binti yake wa kwanza, aliye darasa la sita, alirudi kutoka shule akiwa ameshika bega. Wamechomwa sindano, akasema, ile ya kuzuia saratani iliyomwua mama. Chanjo hiyo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, na njia yake inapita kwa Henrietta Lacks: timu ya Harald zur Hausen wa Ujerumani ilikikuta kirusi kile ndani ya seli zake zisizokufa, katika kazi iliyompatia Nobeli mwaka 2008. Sikumweleza yote hayo. Nilimuuliza kama inauma. Akasema inauma kidogo, kisha akaomba nimshikie daftari avue sweta tuone kama kumevimba.