Ukiipenda 070, ishike mwenyewe

Niseme mapema kabisa ili anayetaka kunitukana anitukane akiwa bado na nguvu. Mimi ni mgonjwa wa chenso kubwa za zamani, ile misumeno ya injini ya kukatia miti, ninayo Stihl 070 hapa Chanika, siiuzi, na papo hapo naona wengi wetu tunaozimiliki hizi mashine hapa Dar tunafanya mambo ya ovyo. Siongelei kuchanganya oili kwa macho, hilo nalo lipo tutalifikia, naongelea kwamba tunazipenda sisi, tunazisifia sisi, tunapiga nazo picha sisi, halafu anayezishika kutwa nzima ni kijana wa watu tunayemlipa kwa siku.

Kwa ambao hawaijui, 070 ni chenso ya cc 106, silinda moja, injini ya kuchanganya petroli na oili. Ukoo wake unaanzia kwenye Stihl Contra iliyotoka Ujerumani mwaka 1959, ile iliyokuwa inazungusha mnyororo moja kwa moja bila giaboksi, mtu mmoja anaibeba anaingia nayo porini. 070 yenyewe ikaja mwishoni mwa miaka ya 60 na ikaendelea kutengenezwa miaka na miaka, mpaka Brazili huko, kwa sababu nchi kama zetu zilikuwa bado zinaitaka wakati Ulaya walishahamia kwenye mambo mengine. Kaka yake mkubwa ni 090, cc 137, pistoni ina upana wa milimita 66 yaani karibu sawa na pistoni ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na kirikuu anazo tatu za kugawana kazi. Mwenye 090 nzima Dar hii namheshimu hata kama hatusalimiani.

Sauti yake ndio inayotuponza. Chenso za kisasa zinalia nyembamba, mizunguko inapita 13,000 kwa dakika, huyu mzee hata 10,000 hafiki, ananguruma kwa chini, na ukiuzamisha upanga, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, kwenye gogo gumu sauti inashuka kidogo tu halafu inatulia hapo hapo inaendelea kula. Mtu akishaisikia hivyo mara moja basi, ukimwambia habari ya kilo na breki hakusikii tena.

Kuiwasha asubuhi nayo ni shughuli inayojitegemea. Unaiweka chini sehemu tambarare, mguu wa kulia unaukanyagia kwenye mkono wa nyuma, mkono wa kushoto unakandamiza mpini wa juu kiwiko kimenyooka, choki umefunga, unavuta kamba taratibu mpaka unasikia kompresheni inakukatalia, hapo ndio unaiachia kidogo irudi halafu unavuta kwa mkupuo mmoja bila kusitasita. Ukivuta kivivu inaichukua kamba na vidole vyako vinaifuata. Ikikohoa mara moja unafungua choki, ukiisahau umeshaijaza petroli, sasa hapo toa plagi, ifute kwa kitambaa, geuza mashine kichwa chini, vuta vuta kamba itapike, rudisha plagi, anza upya, jasho lishakutoka na hata tawi hujakata. Kuna watu wanaona huu ni usumbufu, mimi ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, sijui kwanini.

Sasa nije kwenye uongo wa vijiweni, kwamba eti hakuna mashine ya kisasa inayoifikia 070 kwa nguvu. Sio kweli jamani. 070 inatoa kilowati 4.8 hivi na ina kilo kumi na ushei kabla hujafunga upanga wala kutia mafuta. Chukua MS 661 ya siku hizi, cc 91 tu, inatoa kilowati 5.4 na ina kilo 7.4. Na ukitaka kubwa kabisa ipo MS 881, cc kama 122, kilowati 6.4. Kwa hiyo anayekuambia za zamani zina nguvu zaidi anachanganya nguvu na uzito, maana ukiibeba kutwa nzima ukachoka lazima ujiaminishe kwamba ulibeba kitu cha maana.

Mbona basi siiuzi? Kwanza bei, hizo mpya nilizozitaja sio za mtu wa kawaida. Pili, na hii ndio hoja yangu ya kweli, hii mashine inatengenezeka. Unaifungua yote kwa bisibisi, spana chache na kifaa cha kung'olea flaiwili, lile gurudumu zito la injini, hamna kompyuta humo ndani. Zile za zamani zaidi zina platini, zile ncha za kukatia umeme wa plagi, moto ukififia unafungua unapitisha msasa laini, unaweka nafasi yake, unafunga, inawaka. Kabureta unaweza kuisafisha juu ya stuli barazani, dayafram, kile kiwambo cha ndani, ikikakamaa unabadilisha, na spea zake Kariakoo hazijawahi kukosekana kabisa japo ubora ndio bahati yako. Kuna kipande cha chuma kwenye mashine yangu kilichongwa na fundi wa Gerezani kwa kukiangalia tu kile kilichovunjika, akapima kwa kidole na rula, na mpaka leo kipo kinafanya kazi. Mpelekee fundi huyo huyo chenso ambayo kabureta yake inajipanga yenyewe kwa umeme, atakuambia kwa adabu kabisa, kaka hii warudishie wenyewe.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa sisi wa pwani, bodi yake ni aloi ya magnesiamu, na magnesiamu na hewa ya chumvi hazipatani hata kidogo. Ukikaa Kunduchi au Kigamboni rangi ikibanduka usiache hivyo hivyo, utaanza kuona unga mweupe halafu skrubu zinaanza kukosa pa kushika.

Oili sasa. Hapa ndio mashine nyingi zinapofia na lawama anapewa Mjerumani. Watu wanaenda Feri wanachukua oili ya injini za boti kwa sababu nayo ni ya kuchanganya na petroli na ipo tele, inapimwa hata kwa kikombe. Injini ya boti inapozwa na maji ya bahari, chenso inapozwa na upepo wa feni yake tu, joto lake ni jingine kabisa na oili yake ni nyingine. Oili ya boti kwenye chenso itakwenda, ndio, itakwenda vizuri tu, mpaka siku ya jua kali na gogo la mkwaju ringi zinaganda na pistoni inanoki, yaani inakwama kwenye silinda. Nunua oili ya injini zinazopozwa na hewa. Na kipimo, hii mashine ya zamani wengi tunaipa 25 kwa 1, yaani lita tano za petroli oili mililita 200, moshi utakuwepo lakini beringi zitakushukuru. Wale wanaotia mililita 100 kwa lita tano wawe na uhakika oili yao ni nzuri kweli na imeandikwa hivyo kwenye chupa, sio kwa sababu jirani anafanya. Mnyororo nao, najua kila mtu anatia oili chafu ya gari, inapatikana bure gereji, ila ile oili imejaa chembe za chuma ambazo zinapita kwenye pampu kwanza ndio zifike kwenye mnyororo.

Na ukienda kununua angalia usiuziwe ile ya Mchina iliyoandikwa 070. Zimejaa, kwa nje ni pacha kabisa, rangi ile ile. Sina ugomvi na Mchina, bei yake inaeleweka na mtu anaanzia kazi hapo, ugomvi wangu ni na muuzaji anayeipiga vumbi na kuikwangua kwangua ili uione imetoka kwenye kiwanda cha mbao cha Mufindi mwaka 1985. Iinue, angalia sehemu za kuungia chuma na chuma, angalia maandishi yaliyochorwa kwenye silinda, vuta kamba taratibu usikilize. Kama muuzaji hataki ufungue hata kava la plagi, muage.

Kazi ya mashine hii Dar ni moja tu kwa maoni yangu, kupasua magogo makubwa yakiwa chini. Sio kupandia mtini. Nimeona watu Mikocheni wamepanda mwembe na 070 wameifunga kamba, aisee, sikutaka hata kuangalia, nimevuka barabara. Juu ya mti panda na ki-chenso kidogo au panga na msumeno wa mkono. Lakini mwembe wa zamani ukianguka masika, zile miembe za Upanga ambazo shina ni mita nzima, hapo hamna kiwanda kitakachokuja kulichukua gogo uani kwa mtu, geti lenyewe halipitishi fuso. Hapo unafunga fremu ya kupasulia kwenye upanga mrefu, unapigilia ubao ulionyooka juu ya gogo uwe reli ya pasi ya kwanza, yaani mkato wa kwanza, unapasua palepale. Vipande vinene vya mwembe siku hizi mafundi wa Keko wanavitaka kwa zile meza za gogo zima, na mwembe ukikaushwa taratibu kivulini una mistari mizuri ambayo watu wamedharau miaka yote kwa sababu eti ni mti wa matunda. Mninga na mvule ni habari nyingine, hiyo ina vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na sitaki kesi, na hata huo mwembe wa uani anza na ofisi ya serikali ya mtaa.

Mnyororo wa kupasulia haunolewi kama wa kukatia. Wa kukata jino linalala nyuzi 30 hivi, wa kupasua unalinyoosha mpaka 10, tupa ya milimita 5.5, kila jino idadi ile ile ya misuguo. Hasara yake nisiifiche, mnyororo wa saizi ya 404 unakula karibu sentimita nzima kila pasi. Pasi kumi, sentimita kumi, hizo ni mbao nne za inchi moja zimegeuka vumbi, wakati msumeno wa mkanda unakula milimita tatu tu. Kwa hiyo mwenye gogo la bei na anayeweza kulifikisha kwenye msumeno wa mkanda, alipeleke huko.

Turudi kwa yule kijana. 070 haina breki ya mnyororo. Breki zilianza kuja kwenye chenso miaka ya 70 na kwa za sasa ni kitu cha lazima, ncha ya juu ya upanga ikigusa mti mashine inaruka kukurudia usoni, kile kikinga mkono kinasukumwa na mnyororo unasimama kabla hujapepesa jicho. Kwenye 070 hamna kikinga, mnyororo unakuja nao unazunguka. Mpini nao kwa nyingi umefungwa moja kwa moja kwenye bodi, hamna mpira wala springi ya kumeza mtetemo, wote unaishia kwenye viganja. Huko nchi za baridi waliokata miti na mashine hizi vidole vilikuwa vinageuka vyeupe, mishipa ya damu na ya fahamu imeharibika. Dar baridi ya kuamsha huo weupe hamna, kwa hiyo tunajiambia huo ugonjwa huku haupo. Muulize operata yeyote mzoefu kama usiku vidole havimfi ganzi, au kama anaweza kufunga kifungo cha shati haraka. Na masikio je, mashine inapiga zaidi ya desibeli 100 na yeye kaziba na pamba, watu wa mazingira wa serikali wanahangaika na kelele za baa na makanisa na huyu yupo futi mbili kutoka kwenye ekzosi bila kitu.

Mwenye mashine atakuambia kijana mwenyewe ndio anaitaka kazi. Anaitaka, ndio, ana kodi ya chumba. Ila wewe mwenye mali ungekuwa unaishika mwenyewe kutwa jua la Kisarawe, ungeshanunua ile yenye breki zamani sana, hata iliyotumika, hata ya cc 70, na 070 ungeiweka kwa magogo yale makubwa tu. Upendo wetu kwa mashine ya zamani ni rahisi kwa sababu mikono inayoulipia sio yetu. Kama kazi yako ni ya kila siku na una vijana, mpe kijana mashine yenye breki, viziba masikio vya maana, buti na miwani. Ukiona huwezi, basi na hiyo biashara huiwezi.

Kuna jamaa watatu wa Mbagala wameshaniuliza kama naikodisha, wengine wananiandikia inbox, jibu ni hapana na hata bei msinitajie. Una gogo, niambie liko wapi, mti gani, limeanguka lini na kama kuna misumari ndani, maana miembe ya uani ina misumari ya kamba za nguo hatari. Nakuja mwenyewe na mashine yangu, mafuta ya gari juu yako, na mtoto asikae karibu nikianza kuvuta kamba.