Pakanga Mbili, Homa Nyingi

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, ukishamaliza kona na baridi ikaanza kukugusa, pakanga utaiona katikati ya nyasi kando ya njia na kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Kichaka chake kinaweza kumpita mtu kimo. Majani yamechanika vipande vyembamba kama ya karoti, na kwa chini yana weupe wa majivu. Pikicha jani moja kiganjani, utashinda na harufu yake.

Bibi yangu alilikunja jani bichi akalichomeka puani mtu akiwa na mafua. Kifua kikibana, alichemsha fungu zima na sisi tukapiga nyungu chini ya blanketi mpaka jasho litiririke. Tumbo likivurugika, kikombe kidogo, kichungu mno. Matumizi kama haya yamejaa Afrika kuanzia kwetu hadi kwa Wazulu, wanaoiita umhlonyane, na sioni sababu ya kuyabeza. Tahadhari ni kwa mjamzito na kwa mtu wa kuinywa pakanga kupita kiasi, kwa kuwa mafuta ya mmea huu yana thujoni, ambayo ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu.

Ugomvi wa leo ni wa malaria. Wauzaji wa unga na majani makavu wanasema pakanga inaiponya. Shirika la Afya Duniani linakataa chai na unga wake visitumike kwa kazi hiyo. Anayewaunga mkono wauzaji ana hoja nzito: dawa ya malaria inayotegemewa duniani leo imetoka kwenye mmea wa jamii hii hii, na katika maandishi ya tiba ya jadi. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua, alipata fununu katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4. Kwa hiyo anayesema "miti shamba ni ushirikina" hajui kilichomo kwenye dawa mseto ya malaria anayoimeza.

Lakini mmea ule ni Artemisia annua, wa China, ulioanza kulimwa kibiashara Afrika Mashariki miaka ya 1990. Pakanga ya bibi ni Artemisia afra, mzaliwa wa huku. Ule wa China una artemisinini, ndiyo dawa yenyewe ya malaria, ambayo katika huu wetu ni kama haimo. Sokoni yote miwili inauzwa kwa jina la pakanga, na sifa za mmoja zinauza mwingine. Tena Ge Hong hakuchemsha: aliagiza majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, maji yanywewe. Hapo ndipo Tu alipong'amua kwamba moto huenda unaiharibu dawa.

Basi tunywe ule wa China? Jaribio lililofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 2004 linanipa jibu. Wengi waliopewa chai yake walipata nafuu wiki ya kwanza, lakini kabla ya mwezi kwisha vimelea vilikuwa vimerudi kwa wengi wao, kuliko kwa waliopewa kwinini. Nafuu hiyo ndiyo inayoniogopesha. Mtu mzima aliyekulia penye mbu ana kinga kiasi, anaweza kuinuka na kuisifia chai kwa majirani. Mtoto mdogo bado hajaijenga kinga hiyo. Malaria kali inaweza kumuua ndani ya saa 24, na mama akisubiri kikombe cha pili kifanye kazi, degedege halimsubiri.

Kuna tuhuma nyingine kwamba chai ndiyo inayozalisha usugu wa vimelea. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umeshaonekana kweli Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, na dozi pungufu ni hatari kwa dawa yoyote ya vimelea. Lakini kumtwika mnywaji wa chai mzigo wote huo si haki. Vidonge vyenyewe vinamezwa nusu dozi kila siku. Na anayekwenda zahanati akakuta dawa mseto imekwisha hafai kugombezwa kwa kurudi porini. Anadai dawa yake.

Lugha yetu nayo inachangia. "Homa" kwetu ni joto la mwili, ni mafua, ni malaria, wakati mwingine ni nimonia. Mtu akisema pakanga inatibu homa, huenda anasema kweli kuhusu ile aliyoijua. Pakanga hupenda milima yenye baridi, ambako mbu wa malaria ni wachache. Homa ya huko kwa kawaida ilikuwa ya kifua na mafua. Maarifa yaliyopikwa Lushoto tumeyashusha Korogwe na Dar es Salaam bila kuuliza yalikuwa ya homa gani.

Bibi aliuliza. Mtu akija anatetemeka, kabla hajagusa sufuria alimwuliza, "Wiki mbili hizi ulilala wapi?" Akijibiwa Mombo au Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, aliiacha pakanga kichakani akatafuta wa kumsindikiza mgonjwa zahanati.